Hawa Wangapi?

Usiku wa jana niliota mwanangu amewekwa kabatini pamoja na vyombo.

Kabla sijafika kwenye kabati, nieleze tulivyolala, maana ndoto hii haikuja yenyewe. Ilitumwa. Mke wangu Mishi amejifungua salama, mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi na hasira za karibu. Karamu ya kumpa jina ni leo mchana, na mpaka jana tunazima taa jina lilikuwa halijapatikana. Si kwamba majina yalikosekana. Yalikuwepo mawili, na kila moja lilikuwa na mwenyewe.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Pangani na sufuria zake kwa sababu haziamini zetu, anaitwa Hawa. Mama yangu mzazi, aliyeshuka kutoka Lushoto na gunia la viazi, anaitwa Eva. Kila mmoja alitaka mtoto awe somo yake, yaani arithi jina lake, ili amwite "somo yangu" mbele ya watu na watu wasikie. Na kila mmoja aliapa kwamba mtoto akipewa jina la mwenzake, yeye hakanyagi tena kwangu. Mabegi yao yalikuwa yamefungwa tayari na kuwekwa mlangoni, moja kushoto, jingine kulia. Ukienda chooni unayaruka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi, hapa Muheza. Nikaona nitumie elimu.

"Wazazi wangu," nikawaambia, "Hawa na Eva ni jina moja. Ni yule yule mama wa watu wote. Tofauti ni matamshi tu."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu wafike, wakakubaliana. Walikubaliana kwamba mimi ni mjinga.

"Mimi nilibatizwa Eva," mama akasema. "Padri alinimwagia maji, hakunimwagia matamshi."

"Na mimi ukiniita Eva siitiki ng'o," mama mkwe akasema. "Nitajua anaitwa jirani."

Ningenyamaza hapo, pengine tungelala vizuri. Lakini nina ugonjwa wa kusahihisha. Nikaongeza kwamba jina Hawa, ukilitazama kisarufi, lina tatizo dogo la upatanisho, kwa kuwa "hawa" pia ni watu wengi walio karibu, kwa mfano "hawa watoto", hivyo anayesikia anaweza kujiuliza ni wangapi.

"Mimi nina tatizo?" mama mkwe akauliza. Hakupandisha sauti. Alikwenda jikoni, akachukua sufuria zake, akaja akazipanga juu ya begi.

Baadaye chumbani Mishi aliniambia, mtoto akiwa kifuani: "Erasto, mimi nawataka wote wawili. Mama yangu anajua kuimba mtoto akalala, mama yako anajua kunyamaza mtu akalala. Nikimkosa mmoja wao nitalia, na wewe utalia na mimi."

Nikaogopa kweli. Mama yangu nampenda, hilo halina maelezo. Mama mkwe nampenda pia, ingawa hajui, na kwa hali ilivyokuwa jana asingeamini. Nikalala nikiwaza jina.

Basi niko darasani kwangu, ila madawati hayapo. Kuna makabati marefu mpaka darini, na kila kabati lina bango: LI-YA, U-I, I-ZI, KI-VI. Ni ngeli zote za Kiswahili, zimejengwa kwa mbao na kupakwa rangi ya mafuta. Sishangai. Nasema tu kimoyomoyo kwamba hatimaye kuna mtu amepanga vitu.

Naona kigoda. Nataka kukaa.

"Usinikalie," kinasema. "Niko kazini."

Nakitazama vizuri. Ni kigoda chetu cha nyumbani, cha miguu mitatu, kile anachokalia Mishi akimwogesha mtoto. Sauti yake ni ya karani aliyekosa chai.

"Samahani," nasema. "Kazi gani?"

"Mapokezi, ngeli ya KI-VI. Umekuja kuangalia au kuchukua?"

Ndipo namwona mwanangu. Yuko kwenye rafu, kati ya kikombe na kikapu, amefungwa shali yake ya njano, soksi nyeupe miguuni, anatazama dari.

"Huyo ni mtoto wangu!"

"Hicho," kigoda kinanisahihisha. "Hicho ni kichanga chako."

Nimewasahihisha watoto wa watu maisha yangu yote ya kazi. Sijawahi kusahihishwa na fanicha. Inauma.

"Huyo ni mtu," nasema. "Ngeli yake ni A-WA."

"Ana jina?"

"Bado."

"Nyumbani mnasemaje akiamka?"

Nyumbani tunasema kichanga kimeamka. Tunasema kichanga kimeshiba, kichanga kimejikojolea. Hata mimi, mwalimu.

"Unaona?" kigoda kinasema. "Sisi hatukukichukua. Mmekileta wenyewe, ki kwa ki."

Kikombe kinakohoa kidogo. "Usiwe na wasiwasi, baba. Ni kitulivu. Ila litazame sikio."

Naangalia. Sikio la kushoto la mwanangu limekuwa kishikio. Ni cha udongo mweupe, kimechorwa ua la waridi.

"Kila mkisema ki, kinazidi," kikombe kinaeleza. "Hata mimi nilianza hivi hivi. Nilikuwa kijana."

"Na kikapu je?"

"Kiongozi."

Kikapu kinageukia ukuta. Bado kina kiburi.

Nanyoosha mikono nimchukue mwanangu, lakini rafu inapanda juu kidogo kila ninaponyoosha. Kigoda kinasema nisijisumbue. Mtoto hatoki bila jina, na jina lenyewe siyo la kutajwa tu mdomoni. Linatakiwa lifike hapa kwa miguu yake.

"Nitalipata wapi?"

"Mpakani. Majina yote hupitia mpakani. Mlango ni huo. Ila sikufungulii hivi hivi. Sakafu hii ni saruji, na mguu wangu mmoja una baridi."

Natazama miguu yake mitatu. Nauliza ni upi. Kinasema wa nyuma. Nauliza nyuma ni wapi, kwa kuwa kigoda ni cha mviringo. Kinasema kama sitaki kusaidia niseme.

Rafu inateremka kiasi cha kunitosha kumfikia mtoto miguuni. Namvua soksi ya kushoto, napiga magoti, nakivisha kigoda. Inakikaa. Naivuta vizuri mpaka juu.

"Ewaa!" kigoda kinasema kwa raha.

Mlango unagongwa kutoka nje.

"Siyo wewe!" kigoda kinapaza sauti kuelekea mlangoni. "Nimeridhika tu!"

Sielewi, lakini mlango umefunguka, nami natoka.

Nje ni mpakani. Upande mmoja kuna theluji, upande mwingine kuna vumbi jekundu na muuza mihogo. Kizuizi cha barabarani ni chaki moja ndefu, na afisa forodha ni kifutio cha ubao, kimevaa kofia. Miguuni pake kuna ndoo.

Mwanamke anakuja kutoka upande wa vumbi. Ni wa makamo, amechoka, ana kovu kidevuni na sanduku la bati mkononi.

"Jina?" kifutio kinauliza.

"Inategemea nimesimama wapi."

"Umesimama hapa."

"Hapa mimi ni Hawa."

"Pita huko."

Anainama chini ya chaki. Kifutio kinampangusa mdomoni, na H inaanguka ndani ya ndoo. Ndoo imejaa H mpaka juu. Kinampangusa tena, kinambadilishia hiki na kile. Yeye anasimama kwenye theluji, anajikung'uta mabega.

"Na sasa?"

"Eva," anasema. Sauti ni ile ile. Kovu ni lile lile.

"Rudi."

Anarudi. Anachagua H moja kwenye ndoo, anaipuliza vumbi, anaimeza.

"Hawa."

Namwuliza kama hiyo ni H yake au ameokota ya mtu.

"Sijui," anasema. "H zote zinafanana. Ni pumzi tu, mwalimu. Umekuja kunichukua?"

"Ndiyo. Mtoto yuko kabatini."

"Tangulia. Na nisaidie sanduku."

Sanduku ni zito ajabu. Namwuliza amebeba nini, ananiambia herufi. Kila anakofika anatakiwa avae kivyao. Kwa Waturuki anaitwa Havva, lazima awe na V mbili, na V mbili zina ncha, zinatoboa nguo. Kwa Wafini ni Eeva, E mbili mwanzoni, wanamvuta kana kwamba siku haiishi. Kwa Wapolandi anaandikwa kwa W lakini wanaitamka V.

"Kwa nini?"

"Usiniulize. Mimi mwenyewe sijauliza. Nilikuwa mgeni."

Anafungua sanduku tukiwa tunatembea, anatoa X nyekundu. Hii ni ya Wasomali, anasema, wanamwandika Xaawo na wanamtamka kutoka kooni, vizuri kabisa. Shida ni huku kwetu. Akipita nayo watu wanadhani amekosolewa, wanampa pole.

"Na kwa Wahausa?"

"Hauwa. Hiyo nayo nikijitaja mbele ya polisi wa huku, wanauliza nani kauawa."

Tunatembea. Theluji imeisha, sasa kuna michungwa ya Muheza, lakini michungwa yenyewe imegeuza mgongo. Namwuliza maana ya jina lake ni nini, kwa kuwa nimekuwa nikilibishania tangu juzi na sikuwahi kuuliza.

"Uhai," anasema. "Mwenye kuishi. Nilipewa nikiwa mdogo sana. Wengi hawakumbuki. Siku hizi wanampa mtoto jina langu kwa sababu bibi yake aliitwa hivyo, basi."

"Sasa hiyo si maana?"

Anafikiri hatua kadhaa. "Hiyo ndiyo inayonilisha," anasema.

Tunakata kona na tuko uani kwangu. Karo la kufulia liko pale pale, kamba ya nguo iko pale pale, lakini katikati pamewekwa kaunta. Nyuma ya kaunta kuna miwani, imekaa juu ya pua, na nyuma ya pua hakuna mtu. Nyuma yake kuna milango miwili. Mmoja ni mwembamba, umeandikwa A. Mwingine ni lango pana la kupitisha lori, umeandikwa WA.

"Ngeli ya A-WA," miwani inasema. "Tamka jina la mtoto."

"Hawa."

"Hawa wangapi?"

Hapa ningejibu "mmoja" na kila kitu kingekwisha. Lakini mdomo wangu unafunguka wenyewe, na sauti inayotoka ni ile ya darasani, ile ya Jumatatu asubuhi: "Hawa ni kionyeshi cha karibu, nafsi ya tatu, wingi."

"Wingi," miwani inarudia.

Lango la WA linafunguka.

Wanaingia. Eeva wa Ufini anaingia, na anaendelea kuingia kwa muda mrefu. Anafuata Havva, amebeba V zake mbili begani. Anaingia Xaawo na ile X yake kwenye paji la uso, anauliza kwa sauti kubwa, "Mwalimu ni nani hapa? Nataka kujua kosa langu ni lipi." Najificha nyuma ya shuka la kwenye kamba. Anaingia Hewan kutoka Uhabeshi, na kwa kuwa sasa yuko Uswahilini, anapaa hewani. Anatulia usawa wa antena.

"Baba," ananiita kutoka juu, "huku kuna upepo mzuri."

Wote wananiita baba. Wengine wananizidi umri.

Anaingia Ieva wa Latvia. Kwao, anaeleza, jina lake pia ni mti wenye maua meupe. Miwani inamtazama juu na chini, inamhamishia ngeli ya U-I, pamoja na mikeka na mikungu. Halalamiki. Anachanua pale pale kando ya karo, na mbuzi wa jirani anaanza kumtafuna upindo.

"Ewaa," miwani inasema kila mmoja anapopita, na kila ikisema, Ewa wa Poland anarudi kaunta kuuliza anaitiwa nini. Anaambiwa haitwi. Anakwenda. "Ewaa." Anarudi.

"Baba," Havva ananiuliza, "pilau itatosha?"

Sijui. Nimetoka kwa mtoto mmoja asiye na jina, nimefika kwenye majina yasiyo na idadi, na mtoto bado yuko kabatini. Kwenye ukuta wa jikoni pametokea dirisha, na kupitia dirisha hilo naiona rafu.

Ndipo mama zangu wanaingia, kila mmoja na begi lake. Wanaangalia umati. Hawasalimii mtu.

"Wenye H ni wangu," mama mkwe anasema.

"Wenye V ni wangu," mama anasema.

Wanaanza kugawana. Mama mkwe anamshika Xaawo na kumwambia kooni kwake kuna H, atake asitake. Anamrukia Hewan, anamkosa, anachukua upondo wa kuangulia maembe. Mama amemkumbatia Eeva, ila mikono haimtoshi kwa urefu. Kwa Ewa kunazuka mjadala. Mama anasema ni wake kwa kuwa anatamkwa kwa V. Mama mkwe anasema yeye hanunui matamshi, ananunua kinachoonekana, na kinachoonekana ni W, ipo pia kwenye jina lake.

"Ewaa!" anasema Xaawo, aliyeshawishika. Ewa anamgeukia kumsikiliza.

Halafu wanafika kwa Havva. Havva ana H. Havva ana V, tena mbili. Mama mkwe anamshika mkono wa kulia, mama anamshika wa kushoto.

"Niachie!"

"Niachie wewe!"

"Wazazi wangu," Havva anasema kwa adabu, "naumia."

"Mwalimu!" Ni kikombe, kinapiga kelele dirishani. "Mwalimu, njoo! Kimeota kisahani!"

Nakimbia dirishani. Masikio yote mawili ya mwanangu ni vishikio sasa. Chini yake, palipokuwa na shali, kuna kisahani cha maua. Kwenye midomo yake midogo unapita ukingo wa dhahabu, mwembamba, unazunguka taratibu kuelekea pale utakapokutana. Hasira zake za karibu hazipo. Ametulia. Anaanza kupendeza, na kupendeza kwenyewe ndiko kunakonitisha. Katika ndoto nzima hapa ndipo naogopa. Nalia, wala sioni aibu kusema.

"Mama!" nawaita. Sijui namwita yupi, na wote wawili wanageuka. "Mama, mtazameni!"

Wanamwachia Havva. Wanakuja dirishani mbio, mabegi yanaanguka, sufuria za Pangani zinabingirika uani. Wanasimama bega kwa bega kwa mara ya kwanza, kwa kuwa dirisha ni dogo.

Mtoto anakunja uso. Anapiga chafya.

Ni chafya ndogo, ila ukingo wa dhahabu unapata ufa.

Miwani inainuka juu ya pua. "Nani amepiga chafya?"

"Hawa amepiga chafya!" anasema mama mkwe.

"Eva amepiga chafya!" anasema mama.

Wamesema pamoja. Mwanzoni majina yamegongana, sikusikia lolote. Lakini kuanzia "amepiga" imekuwa sauti moja.

Hata mbuzi ameacha kutafuna.

"Rudieni," miwani inasema.

Wanarudia. Mwanzo fujo, halafu: amepiga chafya.

"A," miwani inasema. "Umoja. Mtu."

Lango la WA linajifunga kwa kishindo na kuwavuta wote waliokuwa uani: Xaawo na swali lake, Havva akijipapasa mabega, Ieva na maua yake na mbuzi aliyekataa kuachia. Hewan anachukuliwa na upepo huku akipunga mkono. Eeva anachelewa kidogo kumalizika. Mlango mwembamba, ule wa A, unafunguka bila kelele, na mwanangu yuko mikononi mwangu. Kisahani kimebaki kwenye rafu. Kikombe kinamwambia kwaheri, na najua kimefurahi, na najua pia kinaona wivu.

Yule mwanamke mwenye kovu ameweka sanduku chini. Anamwinamia mtoto, anamnusa utosini.

"Hapa nitapumzika," anasema. "Nimetembea sana. Mmoja aniite kwa pumzi, mwingine aniite bila pumzi, nitaitika kote. Lakini mkinivuta kama mlivyomvuta yule Mturuki, nitapanda juu nikakae na Hewan."

Mama zangu wanatazama miguu yao.

"Ila nataka kujua jambo moja kabla sijalala," ananiuliza mimi. "Mimi hapa ni somo ya nani?"

Mama ananitazama. Mama mkwe ananitazama. Miwani inanitazama, bila macho. Nafungua mdomo, mimi niliyezoea kuwa na jibu hata la swali ambalo sijaulizwa.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Mishi alikuwa ameketi kitandani, nywele zimemsimama.

"Erasto," akasema, "kichanga kimeam..."

"Usiseme ki!"

Nikamnyakua mtoto, nikamshika masikio, moja moja. Yalikuwa ya nyama, yenye joto, na yeye alikasirika kushikwashikwa mapema yote hiyo. Akanikunjia ngumi. Sijawahi kufurahia hasira ya mtu kiasi hicho.

"Umeota?" Mishi akauliza.

"Kidogo."

Nikatoka naye. Mlangoni nikayaruka mabegi. Uani mama zangu walikuwa wanachagua mchele wa karamu, kila mmoja na ungo wake, mmoja upande wa karo, mwingine upande wa jiko, wamepeana migongo. Hata mawe ya kwenye mchele walikuwa wanayatupa pande tofauti.

Nikasimama katikati, pale palipokuwa na kaunta.

"Somo yenu ameamka," nikasema.

Nyungo zikasimama.

"Somo ya nani?" mama mkwe akauliza bila kugeuka.

"Yenu."

Mama yangu akageuka kwanza. Ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, na bado husogeza midomo akiwa analipima neno. "Somo yenu," akasema polepole. "Ameamka."

"Yenu ni wawili," mama mkwe akasema. "Ameamka ni mmoja." Naye akageuka. "Na sarufi yako inaruhusu hiyo, mwalimu? Isije ikawa nayo ina tatizo."

"Inaruhusu, mama. Na wewe huna tatizo. Nilikuwa nalo mimi."

Mama mkwe alinitazama. Kisha akamtazama mama yangu, na mama yangu hakuangalia pembeni.

"Mimi nitamwita Eva," mama akasema. "Siwezi kujifunza upya saa hizi."

"Nani kakwambia ujifunze? Mwite. Mimi nitamwita Hawa. Aache kuitika atanijua."

"Ataitika kote," nikasema.

Mama mkwe akaweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga. "Basi mlete hapa," akasema. "Mlete somo yetu. Umemshika kama mtu anayepeleka mtihani ofisini."

Alisema yetu. Nilisikia vizuri, kusikia ni kazi yangu. Mishi, aliyekuwa amefika mlangoni, naye alisikia, maana aliinama, akachukua sufuria za juu ya begi na kuzirudisha jikoni, na hakuna aliyemwuliza anazipeleka wapi.

"Ewaa," mama yangu akasema.

Nikatazama getini. Hakuja mtu.

Mama mkwe alikuwa anatafuta pa kukaa ili ampokee mtoto. Kigoda kilikuwa barazani, kimeegeshwa ukutani kama kawaida. Akakivuta, akasimama, akakiinamia.

"We Mishi," akasema. "Nani kakivisha kigoda soksi?"

Mguu mmoja wa kigoda ulikuwa umevaa soksi nyeupe, ya mtoto, imevutwa vizuri mpaka juu. Mishi akamtazama mtoto miguuni. Mguu wa kulia ulikuwa na soksi. Wa kushoto ulikuwa mtupu, vidole vinachezacheza. Kisha akanitazama mimi, na mama zangu nao wakanitazama, wote wawili kwa pamoja.

"Kikalie taratibu, mama," nikasema. "Kiko kazini."